Mchango wa Bidii ya Kolumba

Bidii ya mtu ikishatolewa kichwani na kuwekwa kwenye chupa ina rangi ya maji yaliyooshewa mchele, na ukiisogeza puani inanuka nguo iliyotoka kupigwa pasi. Nimeiona kwa macho yangu haya mawili. Moja lina mtoto wa jicho, lakini lingine ni zima kabisa. Anayebisha na abishe. Wapo waliobisha hata chuma kuruka angani, na leo wajukuu zao ni marubani.

Uchangamfu wenyewe una povu, na chupa yake haitikiswi. Ilipasuka moja pale mjini, kwenye kituo cha kuhamishia tabia, ofisi nzima ikacheka siku tatu, na mlinzi aliyekuwa nje dirishani akaoa.

Lakini nianze na kikao, maana bila kikao chupa isingejaa.

Kikao kilikaa sebuleni kwangu Jumapili baada ya misa. Aliyekiitisha ni mwanangu wa kwanza, Izdori, mnunuzi wa kahawa, mwenye sauti ya mtu anayenadi ng'ombe. Huku kwetu Umatengoni mtoto hasomeshwi na baba yake peke yake, anasomeshwa na ukoo. Zamani tulichangia fedha. Siku hizi shule ni bure, tunachangia tabia.

Izdori alinivutia kile kiti cha ngozi chenye mikono. "Baba, tangu Baba Mkubwa afariki kiti hiki kiko wazi. Leo wewe ndiye mwenyekiti wetu."

Nilikuwa nimekisubiri kiti kile miaka arobaini. Kaka yangu alikikalia mpaka ngozi ikachukua umbo lake. Nikakaa, nikaona kinanitosha. Nikavaa na kofia ya mwenyekiti, nikashika na fimbo yake.

Kosa langu lilikuwa hapo hapo, wala sitafuti la kujitetea. Katika ukoo wa Kinunda mwenyekiti hana upande. Anafungua, anatoa nafasi za kusema, anafunga. Akishika upande, kikao kimevunjika, na uamuzi unabaki kwa aliyekiitisha. Sheria hiyo naijua tangu nikiwa sijaota ndevu, na bado nikakaa.

Jambo lenyewe liliwahusu wajukuu zangu wawili, wote wa Kidato cha Nne. Desderia ni binti wa Izdori. Kolumba ni mtoto wa marehemu mwanangu wa pili, Leodgar, aliyefukiwa na maporomoko ya udongo pamoja na mkewe. Kolumba nimemlea mimi. Katika sebule ile hakuwa na mtu wa kumsemea isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa kitini.

Izdori akasimama na kadi mbili za utabiri. Kadi hizo hutolewa shuleni mwanafunzi akishavalishwa kile kifaa cha kichwani, ambacho jina lake rasmi lina maneno manane na watoto wanakiita chungu. Chungu kinapima akili, kisha kinapima tabia tano: bidii, udadisi, uchangamfu, upole na woga. Kinakokotoa, kinakwambia Novemba utapata nini. Miaka tisa hakijakosea hata pointi mbili.

"Desderia," akasoma, "akili tisini na sita kwa mia. Bidii kumi na moja. Utabiri, Daraja la Nne. Kolumba, akili thelathini na nane. Bidii tisini na tisa."

Watu wakaguna. Mia hakuna aliyewahi kupata. Nadhani chungu kimemwachia Mungu.

"Utabiri?" akauliza dada yangu Osmunda.

"Daraja la Nne vile vile, Shangazi."

Mimi nilikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa, na fizikia yangu niliisomea chini ya injini, mgongo kwenye mafuta machafu. Ile hesabu ya chungu niliielewa mara moja. Akili ni injini. Bidii ni mkanda. Injini ya farasi ishirini yenye mkanda uliolegea inanguruma kijiji kizima kisikie, na kahawa haikobolewi hata debe. Injini ya farasi wawili yenye mkanda uliokaza inazunguka, lakini ukiipa gunia zima inazima. Injini haihamishiki. Wamejaribu, kuna mtu alipoteza lugha mbili. Mkanda, huo unavuliwa hapa, unavalishwa pale.

"Tukimvalisha Desderia bidii ya kutosha," Izdori akasema, "chungu kinatabiri Daraja la Kwanza, pointi saba. Ukoo huu haujawahi kuiona. Sasa wapendwa, michango. Nani anaahidi nini?"

Mdogo wangu Method alikuwa wa kwanza kusimama. "Mimi natoa nusu ya bidii yangu!"

"Nusu ya nini?" Osmunda akadakia. "Bidii yako wewe, Method, chungu hakiwezi kuiona mpaka kikopeshwe miwani."

"Dada, usinivunjie heshima mbele ya watoto."

"Paa lako nani kalivunja? Linavuja tangu masika ya mwaka juzi."

Sebule ikacheka. Watu wakaendelea kuahidi. Huyu uvumilivu, yule kuamka alfajiri. Kila mtu aliahidi kile asichokuwa nacho, kama kawaida ya ahadi. Izdori aliwaacha wote wamalize, wakajisikia watoaji, ndipo akakohoa.

"Nawashukuru sana. Ila wataalamu wanasema ikifika miaka ishirini na mitano, tabia inakauka, haitoki tena. Lazima mtoaji awe kijana, wa damu moja, wa rika moja na mpokeaji." Akageuka taratibu. "Kwa hiyo amebaki mmoja."

Kolumba alikuwa anapita na sinia la togwa. Alisimama. Akaliweka sinia mezani, akazipanga bilauri ili zikae mstari.

"Ni mimi, Baba Mkubwa?"

"Ni wewe, mama. Wewe mwenyewe umeona kadi yako. Bidii yote hiyo, na mwisho wake ni kule kule. Inapotea bure. Kwa dada yako itazaa."

Nikisema hapana, kikao kimevunjika na Izdori anaamua. Nikinyamaza, kikao kinaamua. Nikawatazama mmoja mmoja, nikitafuta jicho la kumkonyeza. Osmunda alikuwa anaangalia togwa yake.

Desderia akaruka kutoka kwenye mkeka. "Na mimi hakuna anayeniuliza?"

"Wewe ukiulizwa leo utajibu keshokutwa," baba yake akasema, na watu wakacheka tena.

"Nisikilizeni! Mmekosea hesabu. Chungu kinatabiri mtihani, hakitabiri maisha. Mtihani ni siku tisa. Kolumba akiwa na miaka hamsini, ile tisini na tisa itakuwa imemjengea nyumba, imemlelea watoto, imemfanya fundi ambaye watu wanamfuata kutoka wilaya ya pili, kwa sababu kila siku inaongeza kidogo juu ya jana. Akili yangu haiongezi kitu. Inang'aa tu. Kwa hiyo mkilinganisha, si kwamba mnahamisha, mnaharibu, kwa sababu..."

Nilishika mikono ya kiti. Maliza, mjukuu wangu. Maliza.

"Kwa sababu..." Mjusi alikuwa anapanda ukutani, hana mkia. Macho ya Desderia yakamfuata. "Hivi, mkia wa mjusi ukikatika, yeye anajua?"

Wakacheka mpaka Method akapaliwa. Kolumba ndiye aliyempa maji. Kisha akamgeukia Izdori. "Nina zamu ya usafi wa darasa, Baba Mkubwa. Inaisha Ijumaa. Inaweza kuwa Jumatatu?"

Wote wakalichukua hilo kuwa ndiyo. Izdori akaniletea muhtasari, mahali pa mwenyekiti pamewekwa alama. Nikatia sahihi yangu, kubwa, ile yenye mkia. Nikagonga fimbo. Kikao kimefungwa.

*

Alhamisi wasichana walikuja nyumbani kuchukua unga wa bweni. Desderia alinifuata kwenye vichanja vya kahawa, akaegemea nguzo badala ya kunisaidia kugeuza.

"Babu, mbona umekunja uso kama soksi? Nimeshapata dawa. Miadi ni saa tatu asubuhi. Mpokeaji asipokuwepo saa tatu kamili, nafasi anapewa mwingine, na foleni ni miezi saba. Mtihani Novemba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitachelewa."

"Una hakika?"

"Babu! Unaongea na nani? Nilichelewa hata kuzaliwa, muulize Mama, wiki mbili."

Nilicheka mpaka nikaangusha reki. Tukakubaliana tusimwambie Kolumba, kwa kuwa Kolumba hajui uongo; Izdori angemuuliza kitu kidogo tu, angempa mpango wote kwa mpangilio, na tarehe juu. Niliamini kabisa kwamba uvivu wa Desderia, uliotuvunja moyo miaka kumi na saba, mwishowe umepata kazi ya maana.

Jumatatu Izdori alinipitia mapema, tukafika kituoni saa mbili na nusu. Wasichana walikuwa wanatokea bwenini. Afisa Tabia alikuwa kijana wa Kinyakyusa, Lwitiko, mpole, mwenye mikono baridi.

"Shikamoo, Mzee wangu. Wewe ndiye mlezi?"

"Marahaba. Ndiye. Na kama ndiye, basi nina haki ya kukataa."

Akafungua faili. "Kwa kawaida mlezi huweka dole hapa. Lakini muhtasari wa ukoo ukiwa na sahihi ya mlezi, hauhitaji dole. Sahihi hii si yako?"

Mkia ule ulikuwa umevuka mstari ukaingia mpaka kwenye tarehe.

"Basi toa yangu," nikamwambia. "Hii miaka ishirini na mitano ni ya watu wa kawaida. Mimi nimewahi kufungua injini ya Kijerumani nikaifunga tena gizani kwa kupapasa, na zikabaki nati mbili tu."

Hakunicheka. Alinivalisha chungu kwa heshima, akaangalia kioo, akakivua taratibu. "Mzee wangu, imeshakuwa mfupa. Ipo, tena nyingi. Lakini haitoki."

Saa mbili na dakika arobaini. Hakuna mtu. Saa mbili na dakika hamsini, Izdori alianza kutembea huku na huko, shati limemganda mgongoni. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiangalia saa ya ukutani jinsi mtu anavyoangalia mpira timu yake ikiongoza dakika za mwisho. Hamsini na mbili. Hamsini na tatu. Nikaanza kunyanyuka.

Mlango ukafunguliwa. Kolumba aliingia, amemshika Desderia kifundo cha mkono. Desderia alikuwa amechanwa nywele, sketi imepigwa pasi, viatu vinang'aa, na jicho moja bado limelala.

"Shikamoo, Babu. Shikamoo, Baba Mkubwa. Samahani, tulikaribia kuchelewa. Nimemwamsha mara sita, mara ya saba nikambeba."

Desderia alinitazama kwa lile jicho lililo macho. Midomo ikasema bila sauti, *nilijaribu, Babu.*

Sheria inataka mtoaji aulizwe mara tatu. Lwitiko akamkalisha Kolumba, akauliza. Kolumba akajibu kwamba kikao kimeamua. Akauliza mara ya pili. Kolumba akamwonyesha kwamba kwenye ukurasa wa nne wamekosea mwaka wake wa kuzaliwa, akaomba kalamu asahihishe.

"Mjukuu wangu," nikasema, na sikujali tena viti wala fimbo, "achana na kikao. Sema unachotaka wewe."

"Ninachotaka mimi?"

Alifikiri muda mrefu. Kolumba alifikiri hivyo siku zote, akili yake ilikwenda kwa miguu, lakini haikuruka hata hatua moja.

"Babu, sijawahi kuacha kitu nilichoagizwa," akasema. "Sijui mtu huwa anaanzaje."

Nikamgeukia afisa. "Umesikia? Huyo hawezi kukataa. Ridhaa ya asiyeweza kukataa ni ridhaa?"

Lwitiko aliangalia kadi ya Kolumba. Upole, tisini na saba. Akaiangalia tena, kama mtu anayetumaini tarakimu zitajibadilisha zenyewe. "Ni swali zuri sana, Mzee wangu. Fomu haina nafasi yake." Kisha akauliza mara ya tatu.

Ilichukua dakika kumi na moja. Chupa ilijaa polepole, rangi ya maji ya mchele. Kolumba chini ya chungu alikuwa ananyoosha karatasi za mezani, pembe kwa pembe, kama alivyofanya na kila karatasi aliyowahi kukutana nayo. Zilipobaki tatu, mkono ukasimama. Ukakaa juu ya meza. Karatasi tatu zikabaki zimepinda.

*

Yote aliyoyasema Izdori yalitimia, na hilo ndilo gumu kulieleza. Desderia aliamka kabla ya jogoo. Alijitengenezea ratiba akaibandika ukutani, na humo, kati ya Kemia na Jiografia, kulikuwa na mstari usio na jina, saa kumi hadi saa kumi na dakika kumi jioni. Siku moja ya likizo fupi nikamchungulia. Alikuwa analia. Dakika kumi zilipokwisha akajifuta, akafungua Jiografia.

"Babu," aliniambia bila kuinua kichwa, "nimeisoma sheria yote, kurasa mia mbili na kumi. Bidii inarudishwa. Dirisha linafunguliwa siku ya baada ya mtihani, linafungwa siku ya thelathini."

"Kwa nini tusubiri? Kataa mtihani sasa hivi, ukoo mzima ukome!"

"Nimefikiria hivyo. Nina hoja kumi na nne, zote nimezimaliza. Nainuka kwenda kumwambia Baba. Halafu najikuta nimekaa, nimeshika kitabu." Akapindua ukurasa. "Inauma, Babu. Hivi ndivyo alivyokuwa anajisikia kila siku?"

Akaandika tarehe juu ya karatasi mpya.

Novemba walifanya mtihani. Desderia kila siku alitoka wa mwisho, vidole vyeusi kwa wino. Kolumba alitoka baada ya dakika ishirini, akaenda kukaa kwenye majani, akahesabu mawingu, naye hakuyafikisha kumi.

Siku ya kwanza ya dirisha tulikuwa kituoni wote watatu. Fomu ya mpokeaji ina kurasa mbili. Desderia aliijaza pale pale, akaipeleka mezani. Fomu ya mwenye mali ina kurasa kumi na moja, na lazima ajaze mwenyewe kwa mkono wake, kuthibitisha kwamba kweli anaitaka.

"Kurasa kumi na moja?" nikamuuliza Lwitiko. "Mmeivua bidii yake, halafu mnamwambia aifuate kwa kurasa kumi na moja?"

"Mzee wangu, si mimi niliyeitunga."

"Najua. Hakuna aliyetunga chochote nchi hii."

Kolumba alijaza ukurasa wa kwanza na nusu ya wa pili. "Nitamalizia nyumbani, Babu," akasema. Kolumba yule wa zamani angesema hivyo, ungeweza kupanga saa yako kwa kauli yake.

Nilifanya yote. Nilimtengea meza chini ya dirisha. Nilimwahidi safari ya ziwani, nikamwahidi baiskeli, nikamsimulia jinsi nilivyozima moto wa ghala kwa chai ya rangi. Alicheka sana. Desderia alimkalia kando kwa zamu, asubuhi saa moja na jioni saa moja, akimsomea maswali kwa sauti ya upole. Kolumba alijibu mawili, akasinzia begani kwake. Wiki ya tatu niliijaza mimi, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ufanane na wake, nikaipeleka peke yangu. Lwitiko aliitazama kidogo, maneno yote yameruka mistari, akanirudishia, pamoja na fomu mpya. "Kolumba hana mtoto wa jicho, Mzee wangu."

Na Kolumba hakuwa na huzuni. Hilo ndilo lililonimaliza. Angelia, ningejua nalilia nini. Alilala mpaka jua likaingia chumbani. Alianza kuimba, vibaya, nusu nusu. Osmunda alipokuja akasema, "Mbona mtoto amenenepa, amependeza? Wewe Beni unatafuta msiba usiokuwepo." Labda. Nimekaa na maneno yale siku nyingi, nayo yamekataa kuondoka na yamekataa kukubalika.

Siku ya ishirini na tisa, imebaki moja dirisha lifungwe, alikuwa amefika ukurasa wa sita. Ukurasa huo una swali moja tu: *Eleza kwa maneno yako kwa nini unahitaji kurudishiwa.* Chini yake mistari minane. Asubuhi alichukua kalamu mwenyewe, bila kuambiwa. Nikatoka nje nisimsumbue. Nilizunguka nyumba mara nane, mara moja kwa kila mstari, nikisikia kalamu inakwaruza, haisimami, haisimami. Desderia alikuwa amekaa kizingitini amefumba macho, naye anasikiliza.

Nikaingia. Kolumba akanisogezea karatasi kwa fahari.

Alikuwa amechora bata. Bata amevaa viatu vya mvua, amebeba mwavuli, juu ya ile mistari minane yote.

"Anakwenda sokoni, Babu."

"Kununua nini?"

"Sijafikiria bado," akasema, akajinyoosha, akaiacha kalamu ikabingirika mpaka sakafuni. "Kesho."

Niliinama kuitafuta kalamu, nikakaa huko chini ya meza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilipoinuka nikamtazama yule bata tena. Alikuwa bata mzuri, sisemi uongo. Upande wa kushoto kila unyoya ulikuwa mahali pake. Upande wa kulia hakuumalizia.